Malimwengu ya Mlipiza Kisasi

Mtu aliyeua kwa kisasi ana utetezi mmoja ambao ni vigumu kuujibu: ungekuwa mimi, yakakukuta yaliyonikuta, ungefanya vilevile. Nguvu ya maneno hayo ni kwamba hayapimiki. Hatuwezi kuirudisha siku nyuma, tukamwondolea msiba wake, kisha tukamtazama kama mikono yake ingebaki safi. Kila mmoja wetu kapewa ulimwengu mmoja na maisha mamoja. Lakini yuko mtu wa kubuni ambaye kwa miaka hamsini amekuwa akirudishwa nyuma kila mara, akabadilishiwa msiba, kazi, zama na hata sayari, na kila mara kukaandikwa alichofanya. Huyo ni Frank Castle wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel, Marekani, maarufu kwa jina la Punisher, yaani Mwadhibu. Lugha yetu inatusaidia hapa, maana malimwengu kwetu ni wingi wa ulimwengu, na pia ni yale mambo ya dunia yanayompindua mtu. Mlipiza kisasi anasema malimwengu ndiyo yaliyompindua. Nadai kwamba tukiyapitia malimwengu ya Frank moja baada ya jingine, utetezi huo hausimami.

Tuanze na Frank wa asili. Alitokea mara ya kwanza Februari 1974 katika toleo namba 129 la The Amazing Spider-Man, lililoandikwa na Gerry Conway. Ni askari wa zamani wa vita vya Vietnam. Siku moja anakwenda na mkewe Maria na watoto wao wawili kupumzika katika bustani ya Central Park, New York. Wanashuhudia mauaji ya kimafia, na majambazi, ili kufuta ushahidi, wanaimiminia familia nzima risasi. Frank peke yake anapona. Tangu hapo anavaa fuvu jeupe kifuani na kuwaua wahalifu bila kesi na bila rufaa, jambo ambalo Waswahili tunaliita kujichukulia sheria mkononi. Wapenzi wa filamu wa kwetu wangepata tabu kumpangia nafasi, kwa sababu stelingi huwa mtu wa haki na tena hafi. Huyu kweli hafi, ila haki yake inanuka damu. Msomaji anamwonea huruma kabla hajamhukumu, na huo ndio ujanja wa kisa chenyewe. Lakini liko jambo ambalo husahaulika. Katika lile toleo la 1974 hakuna kisa cha Central Park. Kuna muuaji tu, tena anayemwinda Spider-Man kwa kosa ambalo Spider-Man hakulitenda. Msiba wa familia ulikuja kusimuliwa mwaka 1975, katika Marvel Preview namba 2. Hata kwa mpangilio wa uchapishaji, basi, bunduki ilitangulia na makaburi yakafuata kuieleza.

Wazo la malimwengu mengi halikuanzia kwa wachora katuni. Waislamu humtaja Mungu kila siku kuwa ni Mola wa walimwengu wote, na Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri wa Qur'ani aliyefariki mwaka 1210, alilipima neno hilo akasema Mungu anao uwezo wa kuumba malimwengu maelfu kwa maelfu mbali na huu wetu. Mwaka 1277 Étienne Tempier, askofu wa Paris, alipiga marufuku fundisho kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Hao walikuwa wakiulinda uweza wa Mungu. Aliyelifanya suala hili kuwa la maadili ni Gottfried Leibniz, Mjerumani, katika kitabu chake Théodicée cha 1710. Mwishoni mwa kitabu hicho anasimulia ndoto ya kasri lenye vyumba visivyo na idadi, kila chumba kikiwa ulimwengu ambao ungeweza kuwapo, na vyumbani anaonekana Sextus Tarquinius, yule mwana wa mfalme aliyembaka Lucretia na kusababisha ufalme wa Roma uanguke. Katika chumba kimoja Sextus ananunua shamba dogo, anachimbua hazina, anakufa tajiri na mwenye kupendwa. Katika kingine anaoa binti wa mfalme. Kasri limejengwa kama piramidi. Kileleni ndiko uliko ulimwengu wetu, na Sextus wa kileleni ndiye mbakaji. Leibniz alitaka tukubali kwamba Mungu aliuchagua ulimwengu ulio bora kwa jumla, pamoja na uovu uliomo. Sitaki kubishana naye hapo. Kinachonivutia ni kidogo zaidi: Sextus wake akibadilishiwa njia, anabadilika. Anakuwa mkulima. Frank Castle, akibadilishiwa njia, anaikuta ileile.

Mwaka 1995 mwandishi Garth Ennis aliandika The Punisher Kills the Marvel Universe. Katika ulimwengu huo familia ya Frank haikuuawa na mafia. Ilinaswa katikati ya mapambano ya mashujaa na viumbe kutoka anga za mbali, na ikafa kwa bahati mbaya, kama wanavyokufa watu wengi katika vita vya wengine. Hakuna aliyekusudia. Kama msiba ndio unaoamua kisasi, tungetarajia msiba wa namna hiyo uzae kitu kingine: kesi mahakamani, ukimya, ulevi, au maombolezo ya miaka. Frank anaanza kuwaua mashujaa wote na maadui wao wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka anamfikia shujaa Daredevil. Baada ya kumuua anagundua kwamba nyuma ya barakoa alikuwamo Matt Murdock, mtoto aliyewahi kumtetea utotoni. Hapo anajiua mwenyewe. Ennis huyohuyo alirudi mwaka 2003 na kitabu Born, akatupeleka Vietnam mwaka 1971, kabla ya msiba wowote. Tunamkuta askari anayeiogopa amani. Sauti inamnong'oneza ikimwahidi vita visivyokwisha, kwa bei atakayoijua baadaye, naye katika mapigano ya mwisho anaikubali. Anarudi nyumbani, mke na watoto wanamkumbatia uwanja wa ndege, na msomaji anaielewa bei. Jason Aaron, katika mfululizo wa PunisherMAX wa 2010 hadi 2012, akaongeza msumari: asubuhi ile ya Central Park, muda mfupi kabla ya risasi, Frank alimwambia mkewe kwamba anataka talaka. Basi kwa vyumba vitatu tu tumeshaubadilisha msiba, tumeutangulia, tumeuondolea hata upendo uliodhaniwa kuwa kiini chake, na muuaji bado yupo. Katika maabara yoyote, kitu kinachoweza kuondolewa bila matokeo kubadilika hakiitwi sababu. Kwa Frank familia ni udhuru.

Kuna wanaosema chanzo ni serikali: sheria ikilala, lazima mtu aamke. Hoja hii ni nzito, na wanaoishi mahali ambapo mwizi akikamatwa asubuhi huonekana mtaani jioni hawahitaji kufundishwa uzito wake. Katuni zenyewe zimeipima. Mwaka 1993 ilianza Punisher 2099, na mwadhibu wa zama hizo, Jake Gallows, ni polisi. Kweli anaishi katika dunia ambako haki inauzwa na mwenye fedha hutoka kwa kulipa; muuaji wa familia yake ni mtoto wa tajiri. Tukubali kwamba hapo sheria imekufa. Lakini Gallows anajenga gereza la siri chini ya nyumba yake, yeye akiwa mkamataji, mwendesha mashtaka, hakimu na mnyongaji. Kama kosa la mahakama ya 2099 lilikuwa kumtii mtu mmoja mwenye uwezo, mahakama ya Gallows inamtii nani? Katika ulimwengu mwingine, ule wa mfululizo wa Spider-Gwen ulioanza mwaka 2015, Frank mwenyewe ni kapteni wa polisi. Ana cheo, ana kikosi, ana sheria nyuma yake, na bado anamwinda binti mmoja kwa uchu unaopita kazi aliyotumwa. Cheo hakikumtibu. Kwa upande wetu, wa damu na nyama, polisi na askari kadhaa wa Marekani wamelivaa fuvu lake kama nembo, na katika toleo moja la mwaka 2019 Marvel ilimfanya Frank alichane fuvu hilo lililobandikwa kwenye gari la polisi na kuwaambia wasimfuate yeye. Ni tukio la ajabu: mhusika wa kubuni anakanusha wafuasi walio hai.

Atasema mtu kwamba najenga falsafa juu ya kaunta ya duka. Frank habadiliki kwa sababu fuvu linauza. Mwandishi atakayemfanya mkulima kama Sextus hatauza nakala. Ni kweli, na sina haja ya kulizunguka. Marvel ni biashara, na imemtumia mtu huyu kila ilivyowezekana, hadi mwaka 1994 ikamkutanisha na Archie, kijana wa katuni za kuchekesha wanafunzi. Ila pingamizi hili linaeleza kwa nini vitabu vilichapishwa. Halielezi kwa nini tunaviamini. Msomaji anaposoma ulimwengu wenye sababu tofauti na matokeo yaleyale, angeweza kukitupa kitabu kwa kusema hili haliwezekani. Hakitupi. Anatikisa kichwa na kusema, ndiyo, huyo ndiye Frank. Hukumu hiyo ya msomaji ndiyo ushahidi wangu. Ina maana kwamba ndani kabisa tulikuwa tunajua tangu mwanzo kuwa makaburi ya Central Park hayakuwa injini ya hadithi, hata tulipokuwa tukiyalilia.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Ikiwa Frank ni muuaji katika kila ulimwengu, basi kaandikiwa, na aliyeandikiwa halaumiki. Nimemfukuza kwa mlango wa msiba, akarudi kwa dirisha la kadari. Mwanateolojia Antoine Arnauld alimbana Leibniz hivi mwaka 1686: ikiwa katika dhana ya kila mtu yamo tayari yote yatakayompata, uhuru wake uko wapi? Wanazuoni wa Kiislamu walilijua swali hili karne nyingi kabla, na wafuasi wa al-Ash'ari walilijibu kwa neno kasb, yaani kuchuma: Mungu huumba tendo, mwanadamu hulichuma likawa lake. Jibu hilo limewachosha wengi kwa ugumu wake, lakini kwa kesi yetu lina mwanga. Kinachobadilika kila mazingira yanapobadilika ni mali ya mazingira. Kinachobaki palepale ni mali ya mtu. Tukiyaambia malimwengu yote yachukue kila kilicho chao, Maria, watoto, mafia, Vietnam, beji ya polisi, kinachosalia mkononi mwa Frank ni imani moja: kwamba yeye ana haki ya kuamua nani aishi. Hicho ndicho alichokichuma. Hata hivyo nakubali kwamba jibu hili lingekuwa nusu kama kusingekuwa na chumba hata kimoja ambamo Frank anaweza kujizuia. Kipo.

Mwaka 2018 Donny Cates aliandika Cosmic Ghost Rider. Katika ulimwengu huo Frank alikufa Thanos, mharibifu wa sayari, alipoishambulia dunia, akaiuza roho yake kwa shetani Mephisto ili alipize kisasi, akaishi muda usiopimika na kuharibikiwa akili. Anapopewa nafasi ya pili, anarudi nyuma kwenye wakati, hadi kitandani kwa Thanos mchanga, ili amuue kabla hajawa mharibifu huyo. Msomaji wa Qur'ani anakijua kisa kinachofanana na hiki. Katika Surat al-Kahf, yule mja ambaye wafasiri humwita Khidhri anamuua kijana mbele ya Nabii Musa, kwa sababu ya kile ambacho kijana huyo angekuja kuwatendea wazazi wake. Musa anahamaki, na nadhani tunatakiwa tuhamaki pamoja naye. Kisa hakiishii kwa kutupa ruhusa. Khidhri anaeleza kwamba hakulitenda lile kwa amri yake mwenyewe. Elimu ya yale ambayo yangetokea ni ya Mungu, na aliyegawiwa tone lake anabaki kuwa mtumwa anayetii. Wanateolojia waliipeleka hoja mbele zaidi kwa ile hadithi ya ndugu watatu, ambayo inasimuliwa kwamba al-Ash'ari alimuuliza kwayo mwalimu wake al-Jubba'i. Mmoja alikufa mchamungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto. Mtoto analalamika kwamba hakupewa umri wa kutenda mema, anajibiwa kwamba angekua angeasi, hivyo kufa mapema kulimfaa. Hapo aliye motoni anapiga kelele: basi kwa nini sikufishwa utotoni? Al-Jubba'i, wanasema, hakuwa na jibu. Kama mwanazuoni hakuweza kueleza kwa nini Mungu hawaui wote watakaoharibika, mtu mwenye bunduki hawezi kuanza kazi hiyo kwa niaba yake.

Na Frank hakuianza. Anamkuta mtoto asiye na kosa, anamchukua amlee. Kwa hiyo anaweza! Mkono uliodaiwa kuwa hauna hiari ulikuwa na hiari siku zote. Lakini Cates ni mwandishi mkali kuliko wanavyodhani wanaomsoma kwa vichekesho, maana anamleta kutoka wakati ujao Thanos mtu mzima, matunda ya malezi hayo, naye amevaa fuvu kifuani. Ameuletea ulimwengu amani kwa kuwaua wote waliostahili, na anajivunia. Amekuwa Punisher kamili zaidi ya baba yake mlezi. Wengine wanasoma sehemu hii kama uthibitisho wa kadari. Mimi naisoma kinyume. Frank aliacha kuua kwa dakika moja, lakini hakuacha kuamini, na mtoto hurithi imani ya mlezi haraka kuliko matendo yake.

Kuna ulimwengu, au tuseme jaribio, ambalo mashabiki wengi walilikataa, na kukataa kwao kunafundisha kuliko wanavyodhani. Mwaka 1998 waandishi Christopher Golden na Tom Sniegoski walimfufua Frank baada ya kujiua, wakampa silaha za mbinguni, awawinde mashetani kwa niaba ya malaika. Miaka miwili baadaye Ennis aliufuta mkondo huo kwa maneno machache, na karibu hakuna aliyeusikitikia. Kwa nini? Kwa mtazamo wa kwanza, mbingu ingekuwa imemwidhinisha. Lakini masimulizi ya Marvel yanatueleza kwamba kijana Frank aliwahi kusomea upadri akaacha, kwa kuwa hakuweza kuwasamehe watenda maovu. Mtu huyo akiwa na mkubwa juu yake anakoma kuwa yeye. Nguvu yake yote inategemea kiti cha juu kuwa kitupu. Dini zinazokubali kisasi zinajua hivyo, ndiyo maana zinakizungushia ua. Qur'ani inampa mrithi wa aliyeuawa mamlaka, kisha papo hapo inamkataza kupita kiasi katika kuua, na inaufungulia moyo wake mlango wa kusamehe na kupokea diya. Kitabu cha Hesabu kinamtambua mlipiza kisasi cha damu, kisha kinaagiza miji sita ya makimbilio ambako aliyeua bila kukusudia atalindwa mpaka asimame mbele ya jamii. Katika sheria zote mbili uchungu una haki ya kusikilizwa, na una kikomo. Frank hajawahi, katika ulimwengu wowote, kumjua mrithi mwingine wa damu zaidi yake, wala mji ambao hataingia.

Mtetezi wake wa mwisho angekuwa mwanafalsafa Immanuel Kant, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba hata watu wa kisiwa wakikubaliana kutawanyika na kuivunja jamii yao, muuaji wa mwisho aliyemo gerezani sharti kwanza anyongwe, la sivyo hatia ya damu itawabaki. Sijui picha iliyo karibu zaidi na The Punisher: The End, ambayo Ennis aliitoa mwaka 2004 pamoja na mchoraji Richard Corben. Vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia. Frank anatoka chini ya gereza la Sing Sing, anatembea hadi New York akiwa tayari anakufa kwa mionzi, na anawakuta ndani ya handaki wakubwa waliosababisha maangamizi. Ndio wanadamu waliobaki. Anawaua wote. Kwa hesabu, Kant ameridhishwa: hakuna hata mwenye hatia mmoja aliyeachwa. Ila kisiwa cha Kant kilikuwa na watu. Walikaa, wakakubaliana, wakaitimiza haki kwa pamoja kabla ya kupanda mashua, na waliendelea kuishi mahali pengine wakiwa safi. Kant hakumkabidhi upanga mfiwa mmoja. Katika handaki la Frank hakuna aliyebaki wa kutendewa haki, wala wa kushuhudia kwamba imetendeka.

Imebaki shahidi mmoja ambaye kwa miongo kadhaa alitajwa katika kila ukurasa bila kuulizwa. Katika mfululizo ulioanza mwaka 2022, unaohesabiwa kuwa ndani ya ulimwengu mkuu wa Marvel, Jason Aaron alimfufua Maria kwa uchawi wa kundi la wauaji liitwalo The Hand. Frank alikuwa amelikubali kundi hilo na damu yake yote ili ampate tena. Maria alifumbua macho, akasikia yote yaliyotendwa kwa jina lake na la watoto wake, na akamwacha.